Sista Wambeti wa Dirisha la Methadoni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Sista Wambeti, muuguzi, mzaliwa wa Embu, aliyetuacha wiki jana. Kwa miaka tisa alisimama dirishani kwenye kliniki moja ya methadoni hapa Makutano, Meru. Methadoni hunywewa mbele ya muuguzi kila asubuhi, ili anayeacha heroini asiteswe na arosto, yale maumivu ya kuikosa.

Sista alikuwa mkali, jamani. Ukichelewa, ulisemwa mpaka ukome. Lakini alikuwa na masikio.

Mwongera, mpakiaji miraa kutoka Laare, alikuwa akinywa dawa yake saa mbili. Kufika saa tisa, anatetemeka. Akarudia sindano. Vidonge vyake vya Ukimwi akaviacha, virusi vikapanda. Pale kliniki wakasema hamezi: watu wa Laare huweka miraa shavuni kutwa, basi huyu anaficha dawa shavuni akauze nje. Ikapangwa afukuzwe Ijumaa. Kufukuzwa, wasikilizaji, kulikuwa ni kufa.

"Sista, mimi nameza," alisema. "Sasa nikuapie na nini?"

Wambeti akamketisha kwenye benchi mbele ya dirisha. Mwongera akanywa dawa, akanywa maji, wakapiga stori. Hakutoka hapo. Saa tisa jasho likamtoka, kamasi, vinyweleo vikasimama. Na shavuni hamna kitu!

Kisha Sista akauliza lile swali la kwetu, la jina ulirithi kwa nani: "Wewe umeitwa nani?"

"Babu. Baba ya baba yangu."

Mnajua huku wajukuu wa mzee mmoja hubeba jina moja. Wambeti akamkumbuka Mwongera mwingine wa Laare, aliyefukuzwa miaka miwili nyuma kwa kosa lilelile, akarudia sindano, akafa. Kumbe baba zao walikuwa ndugu.

Akamfuata daktari, hakumpa nafasi ya kupumua. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba mwili wa Mwongera, tangu kuzaliwa, huimaliza methadoni haraka. Haukuwa wizi. Ulikuwa urithi. Dozi ikaongezwa, ikagawanywa asubuhi na jioni. Akarudia vidonge vyake, na leo virusi havionekani kwenye kipimo.

Juzi, kwenye mazishi Embu, alisimama Mama Kathambi, mamake yule Mwongera aliyekufa.

"Huyu sista alikuja mpaka kwangu Laare, kwa mvua. Akaniambia, 'Mama, kijana wako hakuwa mwizi. Ni mimi nilisaini afukuzwe.' Nikamfukuza. Wiki ingine akarudi. Nikamwekea chai."

Kwa mumewe, Mwalimu Njiru, na binti yao Ruguru: poleni sana. Mlitugawia mtu wa maana.

Nasi wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Kuna mtu tulimwita mwongo bila kuketi naye hata siku moja. Kama yu hai, tumwendee. Kama tulishamzika, mamake yupo.