Mama Mkwe Alivyotufuata Hadi kwa Nyangumi

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu wa Kasulu, na nyie mliopanda gari alfajiri kutoka Kibondo, na wale wa Kabanga kule nyuma ambao naona bado mnatafuta pa kukaa. Bwana asifiwe sana! Mimi naitwa Dafroza, wengi mnaniita Mama Neema, nauza maharage pale sokoni. Nimeomba dakika chache za kushuhudia. Mchungaji anaujua mdomo wangu, ndiyo maana amekaa karibu na kipaza sauti.

Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyomtoa mume wangu katika kifungo. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na mapepo ya kupiga kelele. Alifungwa na aibu, aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Na leo nasema nikijivuna, mnisamehe, maana aliyetumwa kumfungua ni mama mkwe wangu, yule pale mwenye kilemba cha kijani anayejifanya hasikii.

Mnajua desturi yetu huku milimani. Mwanamume akienda pwani kutafuta maisha, siku ya kurudi hashukii mlangoni kwake. Anashuka njia panda, mchana kweupe, anapita kwa miguu katikati ya majirani na mzigo wake kichwani ili watu wauone. Kitenge ni cha mama yake. Blanketi ni la baba mkwe wake. Mche wa sabuni unakatwa vipande, kila jirani anapata chake. Ni desturi nzuri, imewavika mama zetu wengi. Lakini yule asiyepata mzigo anafanya nini, ndugu zangu? Anabaki huko huko. Babu yake mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, kila mwaka akituma salamu kwamba mwakani atarudi. Mpaka leo hatujui hata kaburi lake.

Basi na mume wangu, Leonidas, naye akaenda pwani. Yeye hakwenda kwenye mkonge. Alikwenda kusini kabisa, kwenye mji mdogo wa baharini, kufyatua matofali ya hoteli. Mji ule ulikuwa na jambo lake. Miezi ya baridi nyangumi hupita pale karibu na ufukwe, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuwaangalia kwa boti. Mnaoguna huko nyuma, nyangumi ni mrefu kupita basi la Kigoma, nasema nilichokiona kwa macho yangu. Na najua mnachofikiria: hapana, hakuna mtu aliyemezwa.

Siku moja boti ilipungukiwa mtu wa kubeba mizigo ya wageni, wakamchukua Leonidas kutoka kwenye matofali. Hajui kuogelea hata kidogo. Amekaa katikati ya boti ameshika ubao kwa mikono miwili. Ghafla nyangumi akaibuka pembeni yao, akapumua, maji yakaruka juu. Wenzake wa pwani walianza kupiga picha. Mume wangu, mtoto wa Kasulu aliyefundishwa adabu, aliona mkubwa amefika. Akainama, akapiga makofi polepole kama tunavyoamkia wazee, akasema, "Mwakeye."

Wale mabaharia walicheka mpaka nahodha akasahau usukani. Lakini wageni waliuliza, wakaelezwa kwamba huyu anatoka milimani na kwao mkubwa haangaliwi tu, huamkiwa kwanza. Wakapenda! Tangu siku ile kila mgeni alimtaka yule wa makofi. Wazungu wazima, wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, wanainama kumwamkia nyangumi kwa Kiha. Na macho yake yaliyokuwa yakilinda mahindi dhidi ya nyani tangu utoto yaliuona mvuke wa nyangumi kabla ya wengine wote. Mwenye boti akamweka mbele kabisa awe mtazamaji. Nilipomfuata na mtoto wetu Neema, nilimkuta amenenepa, ana sare yenye picha ya mkia mgongoni, mji mzima unamwita Mwakeye.

Mimi nikaanza kupika maharage na chapati kwa ajili ya watu wa boti. Tulikula vizuri. Mji wote ulikula kwa mgeni: mwenye hoteli, mwenye boti, mfua mashuka, muuza madafu, hata fundi viatu. Hakuna aliyelima. Mimi niliona hilo kwa jicho la Kasulu na nikajiambia, hawa siku mgeni asipokuja watakula mchanga.

Na mgeni hakuja. Ulianza ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege dunia nzima. Ulipopungua tukasema sasa watarudi, mvua ikakata barabara. Barabara ilipotengenezwa, mwenye hoteli alikuwa ameshakwenda kwao na hakurudi tena. Boti zikavutwa mchangani, injini zikang'olewa na kuuzwa. Vijana waliokuwa wakitembeza wageni wakawa wanapita na mabeseni ya pweza wakiuziana wenyewe kwa wenyewe. Nyangumi wao hawakuambiwa. Miezi ya baridi ilipofika walipita kama kawaida, na sisi tulisimama ufukweni tukawatazama bure na njaa zetu.

Nisiwasahau watu wa pwani. Jirani yetu, mama mmoja aitwaye Somoe, Mwislamu mcha Mungu, hakututoa kwenye chumba chake hata tuliposhindwa kumlipa. Akipata samaki wawili, mmoja wetu. Namwombea mpaka leo.

Lakini mume wangu alianza kunipotea nikimwona. Alikonda, akawa haongei. Asubuhi anavaa ile sare yake iliyochakaa, anakwenda kukaa kwenye boti iliyolala mchangani, anatazama maji. Nikamwambia, "Baba Neema, turudi nyumbani. Shamba la mama lipo, muhogo upo."

Akanijibu, "Nirudi na nini? Nishuke njia panda nimwambie mama nimemletea picha ya samaki?"

Nikamwambia, "Mimi ni binti wa watu waliofika nchi hii mikono mitupu. Baba yangu alivuka kutoka Burundi akiwa na chungu kichwani na kaka yangu mgongoni, basi. Kule Kasulu walimpa mahali pa kulala, wakampa jembe. Leo sisi ni raia, tunalima, tunasomesha. Kuna aliyemuuliza ameleta kitenge?"

Akasema, "Baba yako alikimbia vita. Mimi nimekimbia nini? Rudi wewe na mtoto. Mimi nitakuja mwakani."

Mwakani! Ndugu zangu, mmelisikia neno hilo? Ni neno lile lile la babu yake. Nilijua nikipanda basi bila yeye, sitamwona tena, na Neema atakuwa anasimuliwa baba kama sisi tulivyosimuliwa yule babu wa mkonge. Nikaingia katika maombi. Nilikuwa nafua nguo za watu na kuomba, nafanya vibarua na kuomba. Nikasema, Bwana, sikuombi wageni. Sikuombi boti wala hoteli. Naomba huyu mtu mmoja arudi nyumbani akiwa hai.

Mchana mmoja nikapata salio, nikampigia mama mkwe. Nikamweleza yote: mwanao amekwama, hataki kurudi kwa sababu hana cha kuleta. Yeye akauliza, "Baba yako anapenda blanketi la rangi gani?"

Nikashangaa. Nikasema, "Mama, nakueleza mwanao anaangamia, unaniuliza blanketi?"

Akasema, "Nijibu."

Nikajibu, la kahawia. Akakata simu. Nikalia, nikaona mama wa watu uzee umemfika kichwani.

Huyu mama, ndugu zangu, alikuwa hajawahi kuvuka Kibondo. Aliuza mbuzi wake, akafunga gunia, akapanda basi. Alilala stendi asizozijua, akauliza njia kwa Kiswahili chake hiki mnachokicheka. Mjukuu wa dada yake alimpakia Dar es Salaam kwenye gari la kusini. Kila mwaka tunahubiriwa habari za yule baba aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali, akamkimbilia. Ni kweli na ni vizuri. Lakini yule baba alikuwa anamwona mwanawe. Mama yangu huyu hakuona kitu chochote toka Kasulu mpaka baharini, na alikuja.

Alifika mchana, miguu imevimba, gunia kichwani. Leonidas alipomwona alisimama kama nguzo. Mama akasalimia, akanywa maji, akala samaki wa nazi wa Somoe na kusema ni mtamu ila anateleza. Nikataka kumpokea gunia nilifungue. Akaliweka chini ya miguu yake. "Hili halifunguliwi leo," akasema.

Kesho yake asubuhi akataka kuona hicho kilichomshika mwanawe. Tukaenda ufukweni wote. Alitazama bahari akauliza maji yote yale ni ya nani. Kisha mvuke ukapanda mbali kidogo, na mume wangu, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono: "Kule, mama. Yuko na mtoto." Tukaona mgongo mkubwa na mwingine mdogo pembeni yake. Na Leonidas akaanza kumwelezea mama yake kama alivyokuwa akiwaelezea wageni. Kwamba kwao ni bahari ya kusini yenye baridi, ambako ndiko chakula chao kiliko. Kwamba huku wanakuja kuzaa tu, na muda wote wakiwa huku hawali. Kwamba mtoto akipata nguvu, wanarudi kwao.

Mama akauliza, "Wanarudi wamenenepa?"

"Hapana, mama. Wanarudi wamekonda sana."

"Na wanarudi tu?"

"Wanarudi tu. Wasiporudi watakufa."

Mama akatikisa kichwa. "Basi hawa wana akili kukushinda wewe," akasema. "Wamekonda hivyo na wanakwenda kwao bila kuona haya, na wewe umekaa hapa unasubiri kunenepa."

Habari hiyo mume wangu alikuwa amewaeleza wageni miaka yote na haikumgusa hata siku moja. Asubuhi ile ilimwingia. Alikaa chini kwenye mchanga, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Sikumgusa. Nilisimama nikamshukuru Mungu kimya kimya, maana nilijua kitu kimekatika.

Tuliporudi chumbani mama akafungua gunia. Juu kitenge kipya, cha kwake mwenyewe, amekinunua pale sokoni kwetu. Chini yake blanketi la kahawia. Chini kabisa miche ya sabuni. Akasema, "Haya ndiyo uliyoniletea. Utabeba wewe. Ukishuka njia panda utanipa kitenge changu mbele ya watu, na mimi nitashangaa." Mama alikuwa amebeba zawadi zake kutoka Kasulu mpaka baharini, ili mwanawe azirudishe Kasulu akampe! Tulicheka siku ile, ndugu zangu, mpaka Somoe akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia mume wangu akicheka.

Tukarudi. Pale njia panda habari zilikuwa zimetutangulia, majirani walikuwa wamejaa, na baba yangu alikuwepo ameegemea fimbo. Leonidas akashuka na gunia kichwani. Akalitua. Akatoa kitenge, akampa mama yake kwa mikono miwili, na mama, kweli kabisa, akaanza kushangaa. Ndipo mume wangu akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Kitenge hiki mama yangu alikinunua hapa hapa Kasulu. Kimekwenda baharini na kimerudi. Mimi sikuleta kitu. Nimeleta mke wangu na mtoto wangu, na mwili huu mnaouona."

Mama alikasirika! "Nimesafiri kote kule kukutafutia heshima," akasema, "na wewe unaimwaga njiani?"

Watu walicheka, na baadhi walifuta machozi. Baba yangu akalichukua blanketi lake, akamtandia mume wangu mabegani. Na jioni ile ile majirani wakaja, huyu na mbegu za maharage, huyu na mashina ya muhogo ya kupanda. Tukaanza.

Leo mume wangu anawapokea wageni mlangoni hapa kanisani, ndiye yule aliyewaonyesha viti asubuhi, mwembamba, mwenye macho makali. Tuna shamba, Neema anasoma, na maharage yetu yanafika Kibondo. Na tangu siku ile ya njia panda wanaume wengine wa kijiji chetu wamerudi, mmoja kutoka machimboni, mwingine kutoka huko huko Tanga. Walirudi wamekonda na wakapokelewa. Mungu wangu, nakushukuru! Nakushukuru kwa mama mkwe uliyenipa, kwa Somoe, na kwa pumzi ya mume wangu.

Ndugu zangu, Yesu alipotuita hakuna aliyeambiwa alete mzigo kwanza. Kama wewe mwenyewe umekaa mbali naye ukisubiri upate cha kumletea, njoo leo, mbele hapa, kama ulivyo. Na kama una mtoto au mume aliyekaa kimya huko alikokwenda, ibada ikiisha mpigie simu. Usimuulize anakuja na nini. Muulize atafika lini, ukamsubiri barabarani.