Mikono Mlangoni: Bethwel arap Tonui Aaga Kazi ya Chanjo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuchanja ndui, Bwana Bethwel arap Tonui atastaafu tarehe 31 Desemba 1958. Wengi wetu tulijifunza kwake namna ya kuchanja mkono bila kumtisha mwenye mkono.

Alianza Sotik kama dresa, yaani msaidizi wa tabibu, kisha akapewa baiskeli na lokesheni (maeneo ya machifu) za milimani, ambako, kwa maelezo yake, aliibeba baiskeli zaidi kuliko ilivyombeba yeye.

Agizo la wakati huo lilikuwa rahisi: chifu aite baraza, waliofika wachanjwe, lokesheni itangazwe kuwa imekamilika. Mwaka 1951, ndui ilipokuwa ikikaribia, arap Tonui alikataa kuitangaza lokesheni ya Merigi hivyo. Hoja yake ilikuwa hii: kwa mila ya huko, mama aliyejifungua karibuni haendi barazani, wala mwanamume haingii nyumbani mwake. Agizo, basi, liliwaacha nje watoto wachanga, wale wale ambao ndui huwaua kwanza.

Aliomba aajiriwe mwanamke. Ofisi ilimjibu kwamba hakuna sare ya wanawake.

Akaenda Merigi mwenyewe, akasimama nje ya mlango wa kwanza. Bibi wa nyumba hiyo, Kogo Chepkemoi (kogo ni nyanya), alimuuliza kama serikali inayopigana na ndui huogopa mlango. Alijibu kwamba mlango haumtishi, ila anamheshimu aliye ndani. Apewe mkono wa mtoto tu. Kogo akacheka, akautoa mkono nje. Ukachanjwa.

Nyumba nyingine zikafuata, isipokuwa moja aliyochelewa kuifikia. Mtoto wa nyumba hiyo alizikwa. Tangu hapo, hakuna aliyetamka mbele ya arap Tonui kwamba lokesheni imekamilika bila kuulizwa ni nani aliyebaki ndani.

Hadi leo watoto wa shule ya Merigi humsalimu kwa kukunja mkono wa shati, wakijua kwamba siku alipowachanja hakuziona nyuso zao.

Alipaswa kuondoka Juni. Alikataa katakata mpaka ombi lake la 1951 la kuajiri mwanamke likubaliwe. Limekubaliwa: Bi Chepkorir, aliyefunzwa naye, ameanza kazi, na sare yake imeshonwa Kericho. Wiki iliyopita aliingia nyumba ya mama aliyejifungua karibuni huko Merigi, akamchanja mtoto akiwa amepakatwa na mama yake. Arap Tonui alibaki nje, ameshika baiskeli.

Tunakushukuru, Mzee. Shamba lako la Kiptere na likupe mahindi mema na usingizi mrefu. Milango iliyobaki, tuachie sisi.