Mama Gambuti na Barua Aliyoisaini Wodini

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mama Gambuti atakabidhi funguo za kabati la barua na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la kuhifadhi ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo alikuwa na kazi moja tu, kuwashukuru wahisani. Jarida hili tunalisoma sisi wafanyakazi na linatumwa pia kwa wahisani wenyewe, kwa hiyo ninyi mliozipokea barua zake mtanivumilia nikiwasimulia mnayoyajua. Wengi wenu mnajua pia kwamba mama anaondoka na lawama. Sitajifanya silijui hilo.

Kwa asiyetufahamu, shirika letu linalinda ardhi iliyo juu ya mji: mteremko, kijito na malisho, ili visigeuzwe matumizi kimyakimya. Mhisani anachukua kipande kilicho kati ya mawe mawili ya mpaka, anachangia ulinzi wake, na kila mwaka anaandikiwa barua ya asante. Mashirika mengine hutuma kadi yenye picha ya jua likichomoza. Sisi tulikuwa na Mama Gambuti.

Alikuja hapa akiwa mpiga chapa wa miaka ishirini na tisa. Wiki ya kwanza alipewa rundo la barua za shukrani azichape, naye akamwendea mkurugenzi wa wakati ule na kumwambia kwamba hawezi kumshukuru mtu kwa ardhi ambayo yeye mwenyewe hajaitia machoni. Mkurugenzi alidhani ni utani. Kesho yake binti akaingia ofisini amevaa gambuti za kaka yake, zimempwaya, ndani kazijaza magazeti, akapanda mteremko peke yake. Jina likamganda siku hiyo hiyo, na sheria yake ikawa hiyo hiyo hadi leo: kwanza anakanyaga, ndipo anaandika. Kipande ambacho hajakikanyaga hakina barua.

Basi barua zilichelewa, tena si kidogo. Vipande mia tatu na ushei, miguu miwili! Asante ya mwaka huu uliipata mwaka kesho, na ofisini tukawa tunasema kwamba anayetaka kuishi miaka mingi achangie mteremko, maana hawezi kufa kabla barua yake haijafika. Lakini zikifika zilisomwa mpaka nukta ya mwisho. Mama hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliandika alichokiona: kichuguu kipya kimeota karibu na jiwe la pili, mbuzi wamepita hapa, nyasi zimeanza kuushika ukingo. Dereva mmoja wa basi aliandikiwa hivi: "Kipande chako mwaka huu hakikuota kitu. Asante hata hivyo." Yule bwana alikuja ofisini amefura kwa hasira, akamkuta mama anabandua tope kwenye gambuti kwa kijiti, akageuka akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alirudi na mkewe, mashemeji wawili na magunia manne ya vipando vya nyasi. Kwa miaka kumi na minne kipande chake kilikuwa cha kijani kuliko vyote.

Siku nyingine alikuwa anamtembeza mgeni mkubwa kutoka wizarani, akateleza na kutumbukia korongoni. Mgeni alibaki juu anapiga mayowe ya kuomba msaada, na mama kule chini, kanga imechanika, akaendelea kumweleza jinsi maji yalivyoubeba udongo tabaka kwa tabaka, kwa kuwa kutoka pale alikuwa anaziona tabaka zenyewe vizuri zaidi. Mgeni alichukua kipande mwezi ule ule.

Mzee wake ni fundi saa, mtu mpole mwenye maneno yake. Alizoea kutuambia kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni mteremko. Watoto wao watatu walijifunza kuhesabu kwa mawe ya mpaka, na yule wa mwisho, ambaye sasa ni muuguzi, anasema mpaka leo akihesabu vidonge anajiona anapanda mlima.

Mimi nililetwa dawati la habari miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa na vyeti vizuri na kichwa kikubwa. Mama alinipokea kama mwanawe. Meza yake ilikuwa dirishani, gambuti chini yake juu ya gazeti kuukuu, miwani imefungwa uzi mweusi. Nilimpelekea kila nilichokiandika, naye alikisoma kwa sauti. Kila akifika kwenye neno la kujitutumua alikuwa anainua miwani, ananitazama, halafu anaendelea. Hakuwahi kunikemea. Niliacha mwenyewe kuandika "mustakabali endelevu", na sijawahi kulihitaji tena neno hilo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo.

Mwaka jana goti lilimkatalia. Daktari akaamua kumfanyia upasuaji, akalazwa wiki tatu. Bahati mbaya ukawa ndio mwezi wa sherehe ya kuadhimisha kuanzishwa kwa shirika, na mkurugenzi alitaka mwaka huo barua za asante zifike zote kwa pamoja, kabla ya sherehe: barua moja kwa wote, imechapwa. Niliiandika mimi. Ilisema mteremko wote uko salama, na ni kwa sababu yenu. Mama aliisaini wodini, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili, nakala zote mia tatu na ushei, kwa siku mbili, wauguzi wakimwondolea karatasi kitandani kila wakati wa dawa. Ndiyo mara pekee katika miaka thelathini na mmoja alipoliweka jina lake chini ya maneno kuhusu ardhi ambayo mwezi huo hakuikanyaga.

Wakati huo huo, kwenye ubao wa matangazo wa baraza la mji, palikuwa na karatasi. Ilisema nusu ya juu ya mteremko itabadilishwa matumizi na kuwa machimbo ya kokoto, na kwamba mwenye pingamizi awasilishe ndani ya siku thelathini. Halikuwasilishwa hata moja. Muda ulikwisha siku nne baada ya sherehe yetu, na wiki iliyofuata mashine zikapanda. Mawe ya mpaka yaling'olewa kwa asubuhi moja. Kipande cha dereva wa basi kilikuwa cha tatu kuondoka.

Nimwelezee mtu mmoja tu kati ya wahisani wa kule juu. Ni mkunga mstaafu, aliyekuwa nasi tangu mwaka wa kwanza wa Mama Gambuti. Alikwenda baraza la mji kwa shida zake nyingine, akaliona lile tangazo. Akafungua mkoba, akatoa barua yetu iliyomfikia siku ile, akaisoma pale pale amesimama, akaiona saini ya mama. Akajiambia basi tangazo ni la mteremko mwingine, akaenda zake nyumbani kwa amani. Mashine zilipoanza kazi alikuja ofisini na barua ile ile mkononi. Hakupaza sauti. Alimwambia mama, ambaye alikuwa na siku mbili tu tangu arudi kazini na fimbo yake: "Ningekuwa sina barua hii ningepinga. Mimi na majirani zangu wote. Nilikuamini wewe." Akaiweka mezani, akatoka.

Nimemwona Mama Gambuti akirudi kutoka mvuani, nimemwona akitoka kumzika mama yake mzazi. Sijawahi kumwona vile. Alikaa ameitazama ile barua mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniomba nimpe karatasi nyeupe, zile zisizo na nembo.

Aliwaandikia wahisani wote kwa mkono. Barua zilikuwa fupi: "Nilisaini juu ya ardhi ambayo sikuikanyaga. Kosa ni langu. Nakushukuru kwa kipande chako, ambacho sasa hakipo." Wale ambao vipande vyao vimesalia, upande wa chini karibu na kijito, aliwapandia mteremko na fimbo, hatua tatu, anapumzika, hatua tatu, kisha akawaandikia alichokiona. Kazi hiyo ilimchukua miezi minane. Baadhi ya wahisani walijibu kwa upole. Baadhi walijitoa. Bahasha nyingine zilirudi bila kufunguliwa, akazipanga kabatini kwa tarehe. Mkunga hajajibu mpaka leo, na mama kila posta ikiletwa huwa anauliza.

Katika kikao cha kutathmini yaliyotokea, taarifa iliandikwa kwamba chanzo ni uzembe wa dawati la shukrani. Ikasomwa, ikapita. Wote tuliokuwa mezani tulinyamaza, na mimi nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni, natazama kalamu yangu.

Kuna mambo mawili hayamo katika taarifa ile. Nimeombwa kuandika wasifu mchangamfu wa ukurasa mmoja, na nimejaribu mara nne. Kila nikifika hapa nakwama, kwa sababu siwezi kumsifu mama huku nimekalia jina lake.

La kwanza. Siku niliyompelekea barua wodini, kabla hajashika kalamu, aliniuliza: "Mteremko umeukanyaga, mwanangu?" Nikamjibu nimeukanyaga, mama, wote. Sikuwa nimekanyaga hata jiwe la kwanza. Nilikuwa na turubai la kukodi, viti, vipaza sauti, na viatu vipya. Akasema asante, akaanza kusaini.

La pili ni baya zaidi. Siku moja kabla ya hapo nilikuwa baraza la mji kufuatilia kibali cha sherehe. Nikiwa nasubiri niitwe nilisimama mbele ya ubao ule, nikalisoma tangazo lile kuanzia juu hadi chini. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Nilifikiri: nikilisema sasa, sherehe itaharibika, barua zimeshachapwa, mkurugenzi atanijia juu. Nitasema baada ya sherehe. Baada ya sherehe zikabaki siku nne. Ya kwanza nilipumzika. Ya pili niliogopa. Ya tatu na ya nne niliogopa zaidi, kwa kuwa ningeulizwa nilijua tangu lini.

Hizo siku kumi na nane zingetosha. Wahisani mia tatu na ushei, na kila mmoja anakijua kipande chake kwa kichuguu na kwa nyasi, wasingekubali kunyamaza. Mama alikuwa amewaandaa kwa miaka thelathini na mmoja kwa ajili ya siku kama ile, na mimi nikawatumia barua ya kuwatuliza, yenye saini yake.

Mama hajaniuliza hata mara moja. Katika barua zote zile alizoandika kwa mkono hakutia neno kwamba kuna mtu alimhakikishia. Asubuhi bado ananisalimia kama jana na juzi, ananiuliza nimekula, ananirekebishia kola ya shati. Naona aibu hadi naogopa kupita dirishani.

Wahisani wetu wapendwa, kwa kila mwaka mliosimama na ardhi hii, asanteni, na asanteni zaidi ninyi ambao hamna tena kipande cha kusimama juu yake. Shukrani zenu mpelekeeni Mama Gambuti. Hasira zenu zileteni dawati la habari, ghorofa ya chini, mlango wa pili kushoto. Nitakuwepo, wakiniacha niwepo. Taarifa ya kikao nimeomba irekebishwe, na barua ya kuomba hivyo nimeikabidhi kwa mkurugenzi pamoja na ukurasa huu.

Mama, samahani kwa kuyasema haya mbele za watu, siku ambayo ungestahili kucheka tu. Tunakutakia siku nyepesi nyumbani, na mzee wako pembeni, wajukuu wakuchoshe vizuri, na goti likusahau. Na ukikutana na mkunga njiani, usiinamishe kichwa tena. Mwambie ulidanganywa, na umtajie aliyekudanganya.