Alichanjwa Mara Tatu

Bamama, na nyinyi bababa wachache mulioketi karibu na mulango, asante kwa kunipa nafasi. Munajua mimi si mutu wa kusimama mbele. Wengi munaniita Mama Juu-ya-Nini, kwa sababu tangu tulipofika hapa Zambia, kambi hii ya Mantapala, kutoka Kongo, sijaacha kuuliza. Juu ya nini mahindi yamechelewa? Juu ya nini jina langu halimo kwenye liste ya mugao? Nilisoma biolojia chuo kikuu, Lubumbashi, na kule nilifundishwa nisikubali neno bila ushahidi. Leo nimekuja kuwaambia namna nilivyoitumia shule hiyo vibaya.

Binti yangu alizaliwa hapa hapa. Alipofikisha wiki sita nilipaswa kumupeleka anda-faivu, ile kliniki ya watoto, achomwe sindano ya kukinga nimonia, kisha arudishwe mara mbili tena. Sikwenda. Nilikuwa na maswali: nani ametengeneza hiyo dawa, nani ameilipia, juu ya nini watuletee sisi wakimbizi? Ndugu zangu, maswali hayo hayakuwa mabaya. Ubaya ni kwamba sikumuuliza mutu aliyejua. Niliuliza simu yangu, nayo ikanipa majibu niliyokuwa nayatafuta. Nikayapeleka kwenye bomba la maji. Mama wawili waliokuwa wanajaza bidoni walinisikiliza, na wao pia wakabaki nyumbani na watoto wao.

Binti yangu alikuwa na miezi saba alipoanza kukohoa, katikati ya baridi. Mama yangu, ambaye anaishi nasi, alichukua wembe, akamuchanja kifuani namna alivyotuchanja sisi wote tukiwa wadogo, akapaka dawa ya mizizi. Alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Mimi, mwenye diplome, ndiye nilimushika mutoto mikono. Wembe sikuuliza ushahidi wake.

Kisha mbavu zikaanza kuingia ndani kila alipovuta pumzi. Tukakimbia kliniki. Muguzi alikuwa kijana Mubemba, mwenyeji wa huku, aliyejifunza Swahili yetu kwa kuishi nasi. "Ee! Leo Profesa ametutembelea!" alinitania. Akamuona mutoto, akaacha kucheka. Akamugeukia mama yangu, bibi ya mutoto.

"Nkambo, mutoto alichanjwa?"

"Ndiyo, baba. Alichanjwa mara tatu."

"Mara tatu! Muzuri sana. Karti ya kliniki iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Kwetu wembe unachanja, na sindano pia inachanja. Neno ni moja. Mama yangu alijibu swali aliloulizwa. Muguzi aliandika jibu alilosikia. Mimi peke yangu mule ndani ndiye nilielewa pande zote mbili. Lakini kule kwenye bomba nilikuwa nimemudharau yule kijana mbele ya watu, kwamba hajui anachowachoma watoto, na niliona haya anione mujinga. Nikasema, "Karti tulisahau kwa nyumba."

Kwa siku tatu alitibiwa kama mutoto mwenye kinga. Siku ya nne akaanza kukakamaa, macho yamegeuka juu. Wakatupakia kwenye ambilansi mpaka hospitali, Nchelenge. Harufu ya samaki wanaokaushwa ufukoni mwa ziwa ilikuwa inaingia mpaka wodini.

Daktari aliuliza swali lile lile kwa kinywa cha muguzi wa pale. Mama yangu, maskini, akafunua shati la mutoto. "Tazama, dokta. Ni hapa. Mara tatu." Akaonyesha ile mistari midogo, bila aibu, kama mutu anayeonyesha risiti.

Daktari akanitazama mimi.

"Hakuchanjwa," nikasema. "Hakuchomwa hata sindano moja ya nimonia. Nilidanganya."

Muguzi huyo akatazama karatasi tuliyotumwa nayo na kliniki, akashika kichwa. "Siku nne hizi zote! Mama, juu ya nini haukusema?"

Nikamufunika mutoto kifua.

Walibadilisha dawa. Walimuchoma mugongoni kutoa maji ya kupima, wakakuta ugonjwa umepanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Tulilala pale wiki tatu. Kitanda cha jirani kiliachwa wazi mara mbili, na si kwa sababu watoto walikuwa wamepona. Wangu aliishi. Lakini tulipofika nyumbani, sufuria ilianguka nyuma yake, na hakugeuka. Binti yangu hasikii.

Nilimuuliza daktari kama sindano ingemuokoa kwa hakika, na kama ukweli wangu ungebadilisha kitu siku ile ya kwanza. Alisema hawezi kuapa. Nimeishi na hilo "siwezi kuapa" miaka miwili.

Na katika miaka hiyo watu wamesema kwamba nkambo ndiye aliharibu mutoto, kwa wembe na kwa uongo. Niliwaacha waseme. Leo sikilizeni: mama yangu hakudanganya. Mwongo ni mimi.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Nimesikia siku hizi kuna chanjo mupya ya kirusi kinachoziba mapafu ya watoto wachanga: mama anachomwa akiwa na mimba, na mutoto anazaliwa na kinga tayari. Nilikwenda kwa yule kijana wa kliniki. "Hapa haijafika, mama," akasema. Lini? Hajui. Ndivyo nilivyo sasa: iliyokuwepo niliikataa, isiyokuwepo naiomba. Nitaendelea kuuliza, na nawaomba muulize pamoja nami, kwa sauti. Kuuliza si dhambi. Ila uliza kwa mutu anayeweza kukujibu, ungoje akujibu, na ukiulizwa wewe, sema kweli.

Namushukuru muguzi aliyenipokea tena bila kunitukana. Namushukuru mama yangu, ambaye hajanikumbusha hata mara moja. Nanyi wawili wa kwenye bomba, siwataji. Watoto wenu wangali wazima. Siku ya kliniki nitakuja kuwagongea milango, twende wote.

Binti yangu yuko pale, mapajani mwa nkambo wake. Mukitaka kumushukuru Mungu pamoja nasi, tafadhali musipige makofi. Inueni mikono, muipunge. Anawatazama.