Siku Nilipoitwa Katika Wimbo wa Jembe

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Cheyo! Niitikieni kwa nguvu! Tumekuja na kwaya yetu kutoka Ipole, na asubuhi hii mmeisifu sauti yangu. Naona haya. Sikilizeni sauti hii imetoka wapi.

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha Ujamaa nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Tulipokwisha kukusanyika penye lori, jirani yangu mjane, Bibi Kalunde, aliniomba siku moja tu arudi nyumbani kuchukua ngoma ya marehemu mumewe. Nikakataa. Nilitaka nionekane hodari, watu wangu watangulie kuhama. Alipokwisha kupanda lori, nilirudi nikatia kiberiti paa lake la nyasi, asiwe na pa kurudi. Hakuna aliyenituma! Nikamwambia ni moto wa porini. Akanishukuru kwa kumtoa mapema. Alinishukuru, ndugu zangu!

Tangu hapo sauti ikanikauka. Nikisimama na kwaya kifua kinabana. Usingizi sikuupata. Mke wangu akiimba jikoni, namkaripia. Mganga wa zahanati alinipima asione ugonjwa. Akaniuliza zamani nilipenda nini. Nikamwambia, kuimba. "Basi kaimbe, hata kama hutaki. Dawa nyingine sina." Nikaona ananitania.

Shamba la kijiji tunalilima kwa wimbo, kama wazee wetu. Mwimbishaji huita watu mmoja mmoja. Ukiitwa unaitikia peke yako, unasema lako, ndipo majembe yote yanashuka pamoja. Na mwimbishaji wetu ni Bibi Kalunde. Zamu yangu ikikaribia, nakwenda mtungini kunywa maji. Mtu mzima na ndevu zangu, namkimbia bibi kizee!

Siku moja mtungi ulikuwa mtupu. Akaniita. Majembe yakangoja juu. Akaniita tena, kwa upole: "Balozi, mwanangu, mbona kimya?" Nikafungua kinywa, nikaimba kwa sauti ya kukwaruza: nyumba yako niliichoma mimi, ngoma yako niliichoma mimi.

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi alinitazama, machozi yakimtoka. Kisha akasema, "Jembe haliachwi juu." Akaanzisha kiitikio, majembe yakashuka, nami nikaitikia pamoja na wenzangu mpaka mwisho wa tuta, nalia kama mtoto. Kifua kikafunguka. Bwana alinifungua pale pale, kwenye vumbi! Siku hiyo nililala.

Aibu haijaisha, sitawadanganya. Nimemchongea ngoma nyingine. Ameipokea, hajaipiga hata mara moja, nami simlaumu.

Ndugu uliyeketi hapo na kifua kimebana, mtumaini Yesu, na usikimbilie mtungini kama mimi. Namshukuru Mungu, namshukuru na mama yule. Hata leo akiniita shambani nashtuka kwanza, ndipo naitikia. Nawe itika, ungali unaitwa!