Fundi Djoumoi, Swali la Saba na Kaseti za Moroni

Jumatano, tarehe 28 Februari 1990, Fundi Djoumoi Ahamada atanawa mikono kwa mara ya mwisho kwenye pipa lililo nyuma ya gereji yetu ya Mutsamudu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kuitumikia Kampuni ya Magari ya Visiwani. Ishirini na saba ya kwanza aliitumikia Moroni, nyumbani. Karibu saba iliyobaki ameitumikia huku kwetu, kisiwa kingine, na ofisi haikuwahi kueleza kwa maandishi kwa nini. Mwaka jana nisingethubutu kuuandika wasifu huu. Mamluki, wale askari wa kigeni wa kukodiwa walioishika nchi yetu, waliondoka Desemba, na mimi nimekaa na kalamu yangu tangu Januari nikingoja wanipe nafasi kwenye jarida la kampuni. Nimeandika kwa Kiswahili cha mama yangu, ili na wenzetu wa Unguja na Mombasa wamjue mtu tunayemuaga.

Alianza kazi mwaka 1956 akiwa kijana wa Ntsoudjini mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, kazi yake kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Miaka minane baadaye akawa fundi kamili. Mwaka 1971 kampuni ilimpeleka Ulaya kwa mafunzo ya miezi sita, akarudi na cheti pamoja na koti zito la sufu. Cheti kiliwekwa ukutani. Koti hilo hadi leo linafunika betri zetu zisiingie vumbi, na ukitaka ugomvi naye liondoe tu.

Mafundi wengi hufungua injini ndipo wajue ugonjwa wake. Fundi Djoumoi huanza kwa kusikiliza. Ana kipande cha mpini wa ufagio, urefu wake kama mkono, ambacho huegemeza ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye sikio. Husimama hivyo macho yamefumbwa, kisha husema ni valvu ya pili, au ni mkanda, au hakuna ubovu wowote na mwenye gari apunguze mbwembwe. Kwa miaka yote niliyotunza stoo ya vipuri hapa, mimi Saoudat Saindou, ameniagiza kipuri kisichohitajika mara mbili tu. Zote mbili nimeziandika pembeni mwa daftari, na yeye anajua nimeziandika.

Mwaka 1974 alifanywa mkuu wa gereji ya Moroni, na ndiye aliyekabidhiwa fomu za dhamana. Kwa wasiojua, gari jipya huja na kijitabu. Ndani yake kiwanda kinaahidi kwamba injini ikifa kabla ya mwaka kupita, wao watatoa nyingine bure, mradi gari limetumika kama inavyopasa. Fundi hujaza fomu yenye maswali kumi na mawili, huweka sahihi, na kiwanda kilicho mbali huko kinamwamini. Kinalazimika kumwamini, kwa kuwa hakina macho mengine huku visiwani.

Sahihi hiyo ilimtia mtihanini kwanza nyumbani kwake. Kule Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, nyumba ni ya mke. Mume huhamia hapo, na kaka wa mke ana kauli ndani yake hata kama halali humo. Kaka wa Bi Moinafouraha, mke wa Fundi, ni Bwana Mdahoma, mwenye teksi. Mwaka 1979 teksi yake ilikuwa haijatimiza miezi tisa ilipovunjika pistoni kwenye mlima, ikiwa imebeba wageni wa harusi kumi na mmoja na mbuzi wawili. Kijitabu kiliruhusu watu watano, na kuhusu mbuzi kilikaa kimya. Mdahoma alimwomba shemeji yake aandike kwamba walikuwa watano. Fundi Djoumoi aliandika kumi na mmoja, na mbuzi pia akawaandika.

Kwa mwaka mzima Mdahoma alikuwa akifika kwa dada yake, anawasalimia wote waliomo hadi paka, anampita Fundi. Bi Moinafouraha aliwapakulia sinia moja kila Ijumaa makusudi. Walikula kila mtu upande wake bila neno, hata wali ukaisha katikati mikono ikagusana. Mdahoma ndiye aliyecheka kwanza. Hayo nimehadithiwa na Fundi mwenyewe, na kila akiyahadithia huniambia kwamba wali ule ulikuwa wa nazi.

Sasa nifike kwenye gari jekundu. Lilishuka melini mwanzoni mwa 1983, la milango miwili, la chini kiasi kwamba dereva alionekana kama amekaa barabarani. Mwenye nalo alikuwa kapteni mmoja wa mamluki. Jina nimeliacha, kwa sababu hata lile alilotumia huku halikuwa lake. Kila Jumapili alasiri alifunga uwanja wa zamani wa ndege, akapanga mapipa matupu, akazunguka kwa kasi mpaka kuanza kuchwa. Moroni nzima ilisikia. Waliokuwa msibani walisikia, waliokuwa darasani wakisoma walisikia, na Fundi Djoumoi, akiwa kibarazani kwa mkewe, aliwahi kusema kwamba injini ile inalia na haitamaliza mwaka.

Ilikufa mwezi wa Mei. Gari lilivutwa na jeep hadi gereji, na Kapteni akaja na kijitabu mkononi akitaka injini mpya bila malipo. Hoja yake, nikiri, haikuwa ya kipuuzi. Alisema hapakuwa na mashindano kwa kuwa alikuwa peke yake, tena gari kama lile limetengenezwa kwa ajili ya kasi, la sivyo kwa nini lina gia tano? Fundi alimjibu kwa adabu kwamba swali ni zuri na kwamba ataitafuta haki yake ndani ya injini. Alimaanisha alichosema. Kwa siku mbili aliifungua injini ile akitafuta kosa la kiwanda, na anasema hajawahi kutamani kukuta kosa kama siku hizo mbili.

Hakulikuta. Alikuta beringi moja imeungua kwa kukosa oili, na tairi za kulia zimeliwa huku za kushoto zikiwa kama mpya. Maana yake ilikuwa wazi kwa mtu yeyote wa visiwa hivi. Barabara zetu hupinda kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na hula tairi zote sawasawa. Gari lile lilikuwa limezunguka upande mmoja tu, mfululizo, kwa kasi iliyoisukuma oili yote ubavuni ikaacha beringi kavu. Huwezi kufanya hivyo kwenye barabara ya Moroni. Utafanya hivyo kwenye uwanja, ukizunguka mapipa.

Swali la saba la fomu lilisema: je, gari lilitumika katika mashindano, au mahali palipofungwa kwa ajili ya kuendesha kwa kasi? Mkurugenzi wetu wa wakati ule, mtu mwema aliyekuwa na hofu kama sote, alikuwa amekwisha piga chapa fomu nzima, na kwenye swali la saba akaweka “Hapana”. Kilichobaki kilikuwa sahihi. Fundi Djoumoi aliomba fomu tupu, akaandika kwa mkono wake: “Ndiyo. Kila Jumapili, kuanzia saa tisa hadi magharibi.” Halafu akaongeza kwamba yuko tayari kuitengeneza injini hiyo vizuri kabisa, kwa gharama ya mwenyewe.

Watu walimsihi. Walimkumbusha kwamba wenye bunduki ndio wenye nchi. Aliwajibu kwamba bunduki anaiogopa sana, ila anaogopa zaidi kurudi kwenye ile nyumba ya mkewe, amkute Mdahoma kwenye sinia, amweleze kwamba shemeji alinyimwa na mgeni akapewa. Wiki iliyofuata alipata barua ya uhamisho kuja Mutsamudu, wa miezi mitatu. Injini mbovu ikapakiwa kwenye sanduku na kumfuata, eti kwa uchunguzi zaidi. Alishuka hapa bandarini na mkoba mmoja, mpini wake wa ufagio na koti.

Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Akiomba likizo ya kwenda Moroni, barua ilirudi kwamba anahitajika kituoni. Alienda mara moja tu, siku tatu, kumzika mama yake. Bi Moinafouraha alikuja mara mbili, lakini naye alikuwa na mama mgonjwa wa kitandani, na nyumba ya kwao haiachwi wazi. Tulimuuliza kwa nini asiache kazi. Alisema akiacha itakuwa kama amekiri kwamba jibu la swali la saba lilikuwa kosa. Tulimzoea, naye alituzoea, lakini asubuhi nyingi nilimkuta amesimama mlangoni akiangalia ndege ya Moroni ikitua upande wa Ouani, kwenye uwanja wetu wa ndege. Alikuwa mpweke, na sisi tulijua, na hatukuwa na la kumfanyia.

Hapo ndipo zilipoanza kaseti. Ya kwanza ililetwa na baharia mwaka 1984. Bi Moinafouraha alikuwa ameweka redio ya kurekodia juu ya boneti la teksi ya kaka yake, Mdahoma akawasha, na injini ikasikika dakika kumi. Mwisho sauti ya mke ilisema: “Fundi, teksi ya kaka ina kikohozi. Sikiliza utuambie. Sisi hatujambo, ila kiti chako hakikaliwi na mtu.” Fundi alizimisha kila kitu gerejini, akatuma mtu awaombe hata wapakuzi wa bandarini wapunguze kelele, akaweka mpini wake wa ufagio kwenye spika. Ilikuwa plagi ya tatu. Akarekodi jibu, na katikati ya jibu meli ikapiga honi.

Tangu hapo kila mwezi kaseti ilikuja na kaseti ilienda. Huko Moroni, kwa ajili ya honi zile, nyumba nzima ilijua ratiba ya meli zetu kuliko ofisi ya bandari. Mimi nilipewa kazi ya kuzitunza, na siku moja kwa bahati mbaya nikafuta tatizo la karabureta kwa kurekodi taarabu juu yake. Hakunigombeza. Aliomba aisikilize taarabu hadi mwisho, kwa sababu baada yake kulikuwa kumebaki nusu dakika ya Bi Moinafouraha akikohoa na kufunga mlango.

Mwaka 1986 binti yao Zoubeida aliolewa, harusi kubwa ya kimila ambayo baba huiandaa tangu mtoto anazaliwa. Fomu ililetwa tena kutoka Moroni, ileile, swali la saba limejazwa “Hapana” tayari, pamoja na tiketi ya ndege ya Alhamisi. Aweke sahihi, apande. Nilikuwepo. Aliyasoma maswali yote kumi na mawili kama hajawahi kuyaona, akanirudishia kalamu yangu, akaenda kutengeneza breki za lori. Harusi aliisikia kwenye kaseti tatu. Tulizima mashine zote tukasikiliza naye, ngoma, vigelegele, na Mdahoma akiitikia salamu za wageni mahali pa baba. Fundi alilia, na sisi tukalia, sina haya kuliandika hilo.

Mwaka 1988 alikuja dereva kutoka Moroni, nikamuuliza habari za teksi ya Bwana Mdahoma, maana mwezi ule kaseti ilikuwa imelalamikia gia. Alinishangaa. Teksi ile, alisema, iliuzwa chuma chakavu mwaka mmoja baada ya harusi. Bi Moinafouraha alikuwa akisimamisha gari lolote lipitalo mlangoni, akimwomba dereva afungue boneti. Nilikimbilia gerejini kumwambia Fundi, kisha nikasita mlangoni. Mtu anayesikia plagi moja inayokosa katika nne, atashindwaje kujua kwamba injini si ile? Alikuwa anajua tangu kaseti ya kwanza ya uongo. Kila mwezi aliendelea kujibu kwa makini habari za teksi ambayo haikuwepo, na mara nyingine alishauri ubovu usubiri kidogo kabla ya kutengenezwa, asikilize tena mwezi ujao. Nilirudi stoo. Hajui kwamba ninajua, labda mpaka leo akisoma hapa.

Januari hii kampuni ilimwandikia barua ya kumrudisha Moroni. Ilimkuta amebakiza wiki tano za utumishi, akaomba azimalizie huku, akinyooshea kidole lori ambalo halijakamilika. Sanduku la injini ya gari jekundu bado liko nyuma ya stoo. Fomu ya mkono wake imebandikwa juu, na swali la saba halijafutwa.

Fundi Djoumoi, gereji ya Mutsamudu inakushukuru kwa mafundi sita uliowafunza, kwa magari mengi mno kuyataja, na kwa jibu moja. Ramadhani itakukuta kibarazani kwako, kwenye kiti chako. Tunakutakia afya, wajukuu, na wali wa nazi mnaougombea katikati ya sinia wewe na shemeji yako. Koti tunabaki nalo.

Ila tuna ombi. Redio ya kurekodia tumekufungia kwenye mzigo, na kaseti tupu kumi. Mwezi ujao simamisha gari lolote lipitalo mlangoni, turekodie. Hata likiwa zima kabisa, sema lina ubovu.