Bajeti ya Shevroleti ya Mzee Oriokot

Benchi letu linatazamana na stesheni ya Malaba, upande huu wa Kenya, na mwenye birika ni mimi, Vitalis. Nilihamia hapa mwaka huu wa 1966 kuuza kahawa, nikakuta Shevroleti ya mwaka thelathini na saba imekaa juu ya mawe kando ya benchi, kuku wanataga ndani. Mwenyewe ni Mzee Oriokot wa Moding. Jumamosi moja ya Novemba alifika ameuza fahali wawili, shilingi mia nne mfukoni, macho yanang'aa. Binti yake Amoit anafunga arusi kanisa la Kocholia baada ya wiki tatu, na wakwe kutoka Funyula wametangaza kwamba wao wanakuja na gari la Pijo. Oriokot ameapa Amoit hataenda kanisani kwa miguu.

Karani wa mizigo ya mpakani, Echodu, ambaye sote tunamwita Forodha, aligeuza fomu upande wa nyuma akalamba penseli.

Forodha: Mzee, bajeti kwanza. Gari bila bajeti ni banda ya kuku.

Oriokot: Hiyo tayari ni banda ya kuku.

Protus, fundi wetu, jina la kijiweni Spana, alikuwa ameshaingia chini ya gari.

Spana: Tairi nne, mia mbili. Breki, hamsini.

Forodha: Breki ya nini? Arusi haina haraka. Watu sita wa kwaya wafuate nyuma na kamba. Mkifika kwa kanisa wanavuta, gari inasimama.

Spana: Na wataimba saa ngapi?

Forodha: Wanaimba wakivuta. Breki, bure.

Oriokot: Andika.

Utingo wa lori la Mombasa, Okwara, mzee mzima mwenye mvi, alikuwa na yake.

Okwara: Honi ziwe mbili, thelathini. Ndogo ya kusalimia watu, kubwa ya kusalimia Pijo.

Oriokot: Andika kubwa kwanza.

Spana: Viti, ngozi ya ng'ombe, arobaini. Rangi, arobaini na nane.

Okwara: Na ajon, pombe yetu, mzee. Gari ikifufuka bila watu kuketi kwa mtungi na mirija, itaona haya, itazima njiani. Mitungi sita, themanini.

Forodha: Mtungi mmoja uwekwe ndani ya gari. Mirija itokee dirishani, wageni wanywe wakitembea.

Hapo nilicheka mpaka nikajimwagia kahawa mguuni. Sijui ni lini niliwahi kufurahi hivyo.

Forodha: Jumla mia tatu tisini na nane. Mzee, umebaki na shilingi mbili.

Watu walipiga makofi. Oriokot alisimama akacheza kidogo, mabega tu, kama wazee wanavyocheza.

Mimi: Na injini?

Oriokot: Injini ni bure, kijana. Ni yake yenyewe. Niliitoa miaka kumi iliyopita nikaifunga kwa kinu yangu kule Moding. Inasaga mahindi ya watu wote. Spana ataenda kuitoa Jumatatu.

Spana: Injini ya kusaga miaka kumi haijui kuchoka. Itafika Kampala bila kuuliza.

Okwara: Pijo itakula vumbi.

Tulikuwa bado tunaipigia makofi injini hiyo wakati mama mmoja alipofika akisukuma baiskeli. Ni Nafula, aliyekabidhiwa jiko la arusi. Alisalimia kila mtu, akapangusa jasho.

Nafula: Mzee, nimekutafuta nyumbani nikaambiwa uko huku. Mama Amoit anasema wageni ni mia tatu. Mahindi ya ugali iko tayari, wimbi ya ajon pia. Na zamu za watu wengine, kusaga itafika mpaka wiki ya arusi. Tuanze kuleta kwa kinu siku gani?

Forodha aliipitia fomu yake juu mpaka chini. Spana alitoka chini ya gari, akabaki amechuchumaa. Kinu kingine hakuna upande wa Moding, kila mtu pale alijua.

Nafula: Jumatatu ni sawa?

Nilimwonea Oriokot huruma, kweli, maana dakika moja nyuma alikuwa anacheza. Aliketi, akaichukua ile fomu kutoka kwa Forodha, akaikunja taratibu akaitia mfukoni pamoja na pesa za fahali wake.

— Mama Nafula, akauliza kwa sauti ya chini, kutoka kwangu mpaka Kocholia, bibi arusi akivaa viatu vizuri, ni mwendo wa saa ngapi?